Pasipoti ya nyumbani imekwisha muda: namna ya kuomba uraia wa Marekani

"Kaka, miaka yangu mitano ya grini kadi inatimia mwezi ujao, ila pasi yangu ilikufa tangu 2021. Nianzie ubalozini?"

Simu ya namna hii naipokea mara kwa mara, na jibu langu ni lile lile: hapana, usianzie ubalozini. Ombi la uraia wa Marekani linasimama juu ya grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, halisimami juu ya pasipoti ya Kenya, Tanzania au Kongo. Fomu yenyewe, N-400, haidai uwe na pasipoti hai. Unachotuma nayo ni nakala ya grini kadi, mbele na nyuma, pamoja na hati za ndoa kama unaomba kupitia mwenzi wako. Nimeona watu wakipoteza mwaka mzima wakihangaika na miadi ya ubalozi, nauli ya kwenda Washington na picha zilizokataliwa, kumbe muda huo wangekuwa wameshaapa.

Ila usikimbilie kuitupa. Pasipoti iliyokwisha muda ina kazi kubwa katika ombi hili, na kazi hiyo haihusiani na tarehe ya kwisha. Ni mihuri iliyomo ndani. Afisa wa uhamiaji atataka kujua ulitoka Marekani lini, ulirudi lini, ulikaa nje siku ngapi. Kitabu hicho kilichokauka droo ya chini ndicho kinachojua.

Mimi si wakili. Nimepita njia hii mwenyewe, kisha nikawa nawasaidia wenzangu kujaza fomu mezani kwangu. Ninayoandika hapa ni ya mtu ambaye mambo yake yamenyooka kiasi. Mwenye kesi ya polisi, mwenye deni la kodi au la matunzo ya mtoto, au aliyekaa nje ya nchi muda mrefu, azungumze kwanza na wakili wa uhamiaji au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani. Asizungumze na jamaa wa mtaani anayejaza fomu kwa dola mia mbili. Huyo fomu ikiharibika hapatikani kwenye simu.

Hatua ya 1: Kusanya vitabu vyote, hata vilivyotobolewa

Tafuta kila pasipoti uliyoitumia tangu upate ukaazi wa kudumu. Barua ya kukuita kwenye intavyu hutaja pasipoti na hati zozote ulizotumia kuingilia Marekani, na haibagui zilizo hai na zilizokwisha. Iliyokatwa pembe na ubalozi ulipohuisha ni hati pia. Ukija kuhuisha siku za usoni, ukiambiwa cha zamani kinabaki kwao, omba urudishiwe. Usiondoke dirishani kabla hujaomba.

Kwa waliokuja kwa bahati nasibu ya grini kadi au kwa kuletwa na ndugu, kitabu cha zamani kina kitu kingine cha thamani: ukurasa wenye viza ya uhamiaji na muhuri wa siku ya kwanza uliyoingia. Siku hiyo ndiyo inayoanza kuhesabu miaka yako.

Watanzania wana kisa chao. Pasipoti ya kielektroniki ilizinduliwa 2018, na zile za zamani zikasitishwa tarehe 31 Januari 2020. Basi wapo ambao kitabu chao kwenye ukurasa wa picha kinaonyesha bado kina miaka, lakini uwanja wa ndege hakikubaliki. Kwa ombi la uraia haina tofauti. Mihuri ni mihuri.

Na ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliotoka kambi za Nyarugusu, Nakivale au Kakuma wengi hawakuwahi kuwa na pasipoti. Waliingia na karatasi za wakimbizi, na baadaye kama walisafiri, walitumia hati ya kusafiria ya mkimbizi inayotolewa na Marekani. Hati hiyo, hata ikiwa imekwisha, iweke kwenye fungu moja na pasipoti. Asiye na chochote hajaharibikiwa. Pasipoti iliyopotea au isiyokuwapo si sababu ya kukataliwa. Utaeleza hivyo kwa mdomo na safari zako utazithibitisha kwa njia nyingine.

Ukishakusanya, piga picha kila ukurasa wenye muhuri. Wino wa mihuri yetu hufifia, hasa ule wa bluu. Mulika kwa ubavu karibu na dirisha asubuhi, usitumie mwanga wa simu wa moja kwa moja, na tarehe ambayo ulidhani imefutika utaisoma.

Hatua ya 2: Andika safari zako zote, moja moja

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo watu wanapofanya haraka. Fomu inataka kila safari ya nje ya Marekani iliyochukua zaidi ya saa 24 ndani ya miaka 5 iliyopita, au miaka 3 kama unaomba kama mke au mume wa raia. Unaandika siku uliyotoka, siku uliyorudi, na nchi ulizokwenda. Hata Toronto kwenye harusi wikendi moja inahesabika.

Chukua karatasi, gawanya nguzo nne: nimetoka Marekani, nimefika nyumbani, nimetoka nyumbani, nimerudi Marekani. Nguzo mbili za katikati utazijaza kutoka kwenye mihuri ya Nairobi, Dar es Salaam, Entebbe au Bujumbura. Nguzo ya kwanza na ya mwisho ndizo fomu inazozitaka, na hapo pana mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni kuchukua muhuri wa nyumbani ukauandika kama siku ya kutoka Marekani. Ukipanda ndege Ohio Ijumaa jioni ukapitia Doha au Amsterdam, utagongewa muhuri uwanja wa ndege wa Nairobi Jumamosi usiku au Jumapili alfajiri. Siku uliyotoka Marekani ni Ijumaa. Siku moja au mbili zinaonekana ndogo, lakini afisa ana rekodi ya ndege mbele yake, na orodha ambayo kila safari imepishana na rekodi inaonekana kama imekisiwa.

Mtego wa pili ni wa usiku wetu. Sisi tunasema "usiku wa kuamkia Jumatano," na ndege ya saa saba usiku kwa hesabu yetu bado ni ya usiku ule ule tulioaga nyumbani. Kwenye tiketi ni siku nyingine kabisa. Fuata tiketi. Usifuate kumbukumbu ya siku mlipokula chakula cha kuagana.

Mtego wa tatu ulinipata mimi. Mihuri ya kwetu huandika siku kwanza, kisha mwezi. Wamarekani huanza na mwezi. Nilikuwa na muhuri wa 04/09, yaani tarehe 4 Septemba, nikaunakili vile vile kwenye fomu. Kwa msomaji wa Kimarekani nilikuwa nimeandika tarehe 9 Aprili. Siku ya intavyu afisa aliniuliza kwa upole mwezi wa nne nilikuwa wapi. Nikamwambia kazini. Akaniuliza tena, akageuza karatasi akanionyesha. Nilitoka jasho. Nilimfungulia pasipoti yangu iliyokufa, nikamwonyesha muhuri, akasahihisha kwa kalamu nyekundu, nikatia saini ya herufi mbili pembeni, tukaendelea. Bila kile kitabu sijui ningejieleza vipi, maana hata mimi mwenyewe kwa dakika nzima nilikuwa sielewi kosa liko wapi. Tangu siku hiyo mezani kwangu tarehe zote tunaandika mwezi kwa jina, halafu ndipo tunazigeuza kwenda kwenye fomu.

Usitegemee kwamba kila ulipoingia Marekani uligongewa muhuri. Mwenye grini kadi mara nyingi hupitishwa bila kugongewa, ndiyo maana mihuri ya nyumbani ina maana zaidi. Pengo likiwepo, lizibe hivi: tafuta kwenye barua pepe jina la shirika la ndege uliyopanda, fungua tovuti ya I-94 (rekodi za kuingia Marekani) ya idara ya forodha na mipaka, inayo sehemu ya historia ya safari, ingawa kwa wakaazi wa kudumu si kila safari huonekana, angalia taarifa za benki, maana aliyetoa shilingi kwenye mashine Mwanza hakuwa Minnesota siku hiyo, na picha za simu zina tarehe. Ikishindikana, unaweza kuiomba idara hiyo rekodi yako ya kuingia na kutoka kwa kutumia sheria ya haki ya kupata habari. Inachukua muda, kwa hiyo iombe mapema.

Usibuni. Kama tarehe moja imekataa kabisa kupatikana, andika iliyo karibu zaidi na ukweli na useme hivyo kwenye karatasi ya maelezo ya ziada. Kosa la tarehe husameheka kwa kalamu nyekundu. Safari iliyofichwa ni kesi nyingine.

Hatua ya 3: Hesabu siku zako kabla hujalipa senti

Sheria ina vipimo viwili, na watu huvichanganya.

Cha kwanza ni siku za kuwapo. Katika miaka 5 lazima uwe umekuwapo Marekani kimwili angalau miezi 30, yaani siku 913. Kwa njia ya ndoa na raia, ni miezi 18 katika miaka 3, yaani siku 548. Siku uliyotoka na siku uliyorudi zote zinahesabiwa kuwa ulikuwa Marekani. Kipimo hiki wengi wanakipita.

Cha pili ndicho kinachouma: makazi yasiyokatika. Safari moja iliyozidi miezi 6 inafanya serikali idhani umekatisha makazi yako, na ni juu yako kuonyesha kwamba hukukatisha. Mzee mmoja wa Tanga aliniambia alikwenda kumuuguza mama yake "kuanzia Krismasi hivi mpaka mwezi wa sita mwanzoni". Kwa kumbukumbu yake ilikuwa chini ya miezi 6. Mihuri ilisema vingine: alitoka Marekani tarehe 12 Desemba 2022 akarudi tarehe 20 Juni 2023. Siku 189. Hilo halikuua ombi lake, lakini ilibidi aende intavyu na mkataba wa nyumba aliyoendelea kuilipia, barua ya mwajiri kwamba kazi ilimsubiri, vyeti vya shule vya watoto waliobaki hapa, na kodi alizolipa mwaka ule. Angeandika "miezi 5 na nusu" kwa kukisia, angekuwa ametoa maelezo yasiyo kweli chini ya saini yake mwenyewe.

Safari ya mwaka mzima au zaidi inakatisha makazi moja kwa moja, isipokuwa kwa wachache waliopata ruhusa maalumu mapema. Hapo unaanza kusubiri upya tangu uliporudi: kwa anayeomba kwa njia ya miaka 5, sheria inataja miaka 4 na siku 1, lakini kwa anayetaka kuepuka maswali, ni heri angoje miaka 4 na miezi 6.

Hesabu ya miaka yenyewe inaanzia tarehe iliyochapishwa kwenye grini kadi, pale palipoandikwa "Resident Since". Mkimbizi atakuta pameandikwa siku aliyoingia nchini, hata kama kadi ilikuja miaka miwili baadaye. Aliyepewa hifadhi hapa hapa atakuta imerudishwa nyuma mwaka 1. Wengi hawajui wameshatimiza. Na unaruhusiwa kutuma ombi siku 90 kabla ya kutimia. Usitume siku ya 91, litakataliwa.

Hatua ya 4: Amua kama unaihuisha pasipoti au la

Si lazima. Hebu jiulize jambo moja tu: je, ndani ya mwaka huu kuna uwezekano wa kuitwa nyumbani? Grini kadi inakurudisha Marekani, lakini shirika la ndege na afisa wa mpakani kule unakokwenda watataka pasipoti hai. Msiba haupigi hodi, na ombi la uraia linaweza kuchukua miezi kadhaa. Mwenye wazazi wazee, mimi humshauri ahuishe huku ombi likiendelea. Hayo mawili hayagongani. Mkenya ataanzia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, kisha afike mwenyewe kutoa alama za vidole. Mtanzania ataanzia kwenye tovuti ya Uhamiaji kisha apeleke ubalozini. Asiye na safari, fedha hiyo iende kwenye ada ya ombi.

Kwa mkimbizi au aliyepewa hifadhi, jibu langu ni jingine kabisa. Kwenda ubalozi wa serikali uliyoikimbia ukaomba pasipoti yake kunaleta maswali: ulisema wanakutafuta, mbona umejipeleka? Usifanye hivyo bila wakili. Kama lazima usafiri, omba hati ya kusafiria ya mkimbizi kwa fomu I-131.

Kinachohitaji macho zaidi kuliko pasipoti ni tarehe ya kwisha ya grini kadi. Watu huchanganya hivi viwili. Habari njema ni kwamba kwa maombi yaliyotumwa kuanzia tarehe 12 Desemba 2022, risiti ya N-400 inaiongezea grini kadi miezi 24. Unatembea na kadi iliyokwisha na risiti pamoja, kama mume na mke. Hapo huna haja ya kulipa dola 415 au 465 za kuhuisha kadi. Lakini kadi ikipotea kabisa, utalazimika kuomba nyingine.

Hatua ya 5: Jaza, lipa, tuma

Kujaza mtandaoni ni dola 710. Kwa karatasi ni dola 760. Alama za vidole zimo humo humo. Familia yenye kipato cha chini inaweza kulipa dola 380, na yenye hali ngumu zaidi inaweza kusamehewa yote kwa fomu I-912, lakini maombi haya mawili yanapitia karatasi, si mtandao. Anayetuma karatasi ajue kwamba tangu mwisho wa Oktoba 2025 hundi na manioda kwa kawaida hazipokelewi tena. Unalipa kwa kadi kupitia fomu G-1450, au moja kwa moja kutoka benki kupitia G-1650.

Jina na tarehe ya kuzaliwa viandike kama vilivyo kwenye grini kadi, hata kama pasipoti ya zamani inasema tofauti. Nyumba nyingi za wenzetu waliotoka kambini, baba, mama na watoto wanne wote wamezaliwa Januari 1, kwa sababu aliyewaandikisha hakuwa na muda. Na majina yetu huzunguka: la ubatizo limekuwa la ukoo, la babu limepotea. Kama kuna tofauti kati ya kitabu na kadi, ieleze, na kila jina uliloitwa liandike kwenye sehemu ya majina mengine. Jina unaweza kulibadilisha kisheria kupitia ombi hili hili, kama kiapo chako kitakuwa mahakamani. Tarehe ya kuzaliwa ikishachapishwa kwenye cheti cha uraia, kuibadili ni mlima, basi kama ni mbovu na una ushahidi, shughulikia kabla.

Maswali ya ndiyo na hapana mwishoni msiyapitie kama mnatia tiki ya orodha ya sokoni. Mawili yamewaumiza watu wetu. La kura: mtu alikwenda kuchukua leseni ya udereva, akaulizwa haraka haraka, akatia saini karatasi ya kujiandikisha kupiga kura bila kujua. Kama ulifanya hivyo, simama hapo, tafuta wakili kwanza. La pili ni la wanaume: aliyeishi hapa kama mkaazi akiwa na miaka 18 hadi 25 alitakiwa kujiandikisha Selective Service, orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini. Aliyepitisha umri bila kujiandikisha na bado hajafika miaka 31 lazima aeleze kwa nini.

Usitume pasipoti halisi. Nakala tu. Ukihama, toa taarifa ya anwani mpya ndani ya siku 10, maana barua ya intavyu haina miguu ya kukufuata.

Hatua ya 6: Vidole na mtihani

Alama za vidole ni dakika ishirini. Nenda na barua na grini kadi.

Mtihani umebadilika. Kwa waliotuma ombi tarehe 20 Oktoba 2025 au baadaye, maswali ya uraia ya kujifunza ni 128. Unaulizwa mpaka 20 na unahitaji 12 sahihi. Waliotuma kabla ya siku hiyo wanabaki na 100, wanaulizwa mpaka 10, sita zinatosha. Kiingereza unasoma sentensi moja sahihi kati ya tatu na kuandika moja kati ya tatu. Ukianguka, unapewa nafasi ya pili katika siku 60 hadi 90, kwa sehemu uliyoanguka tu.

Wazee wana nafuu. Mwenye miaka 50 na miaka 20 ya grini kadi, au miaka 55 na 15 ya grini kadi, hafanyi Kiingereza. Anajibu maswali ya uraia kwa Kiswahili na mkalimani. Mwenye miaka 65 na 20 ya grini kadi anasoma maswali 20 tu. Bibi mmoja niliyemsaidia alikuwa akiyasoma kwa kuimba, mahadhi ya taarabu kabisa, huku akipepeta mchele. Alipita.

Hatua ya 7: Siku ya intavyu

Saa ya barua isome vizuri. 8:00 ni saa mbili asubuhi, na aliyezoea saa ya Kiswahili huku akiwa na wasiwasi anaweza kujichanganya. Fika dakika thelathini mapema. Mkobani: barua, grini kadi, leseni ya udereva, pasipoti zote zilizo hai na zilizokwisha, nakala ya fomu uliyotuma, ile orodha yako ya nguzo nne, rekodi za kodi kutoka IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani), na hati za mahakama zilizothibitishwa kama uliwahi kukamatwa hata kama kesi ilifutwa.

Weka vikaratasi vya rangi kwenye kurasa za mihuri, kila kimoja na namba ya safari kama ilivyo kwenye orodha. Afisa akisema "safari ya tatu", unafungua ukurasa huo huo bila kupekua. Utaapishwa kusema kweli kabla ya maswali kuanza. Atakuuliza kama umesafiri tena tangu utume ombi. Hiyo pia ina tarehe zake, zijue kichwani.

Akiuliza kwa nini pasipoti imekwisha, jibu fupi linatosha: sijasafiri tangu mwaka fulani, sikuwa na haja ya kuihuisha. Usianze hadithi ya ubalozi. Hajauliza.

Hatua ya 8: Kiapo, na lile pengo ambalo hakuna anayekwambia

Wengine huapa siku hiyo hiyo, wengine huitwa tena. Unapofika kuapa unakabidhi grini kadi, unapewa cheti cha uraia. Sasa tazama ulivyo: grini kadi huna, pasipoti ya nyumbani imekufa, ya Marekani hujaomba. Una karatasi moja nzuri isiyoweza kukupandisha ndege. Mtu aliyeapa Alhamisi akapigiwa simu ya msiba Ijumaa hana namna ya kawaida ya kuondoka. Kwa hiyo usikate tiketi ya nyumbani kwa wiki ya kiapo, na kama unaweza, omba pasipoti ya Marekani siku ile ile au kesho yake, kwa fomu DS-11: dola 130 pamoja na dola 35 za kupokelewa ombi. Kabla ya hapo kagua cheti, jina na tarehe, ukiwa bado ukumbini, kisha tengeneza nakala, maana cha asili kinatumwa pamoja na ombi na kurudishwa baadaye kwa bahasha yake.

Watoto walio chini ya miaka 18, wenye grini kadi na wanaoishi nawe chini ya uangalizi wako, wamekuwa raia pamoja nawe bila kuomba. Waombee pasipoti moja kwa moja. Pasipoti zao za zamani zilizokwisha hazihusiki tena.

Hatua ya 9: Kile kitabu cha zamani

Hapa nchi zetu zinaachana njia. Mkenya wa kuzaliwa, kwa Katiba ya 2010, hapotezi uraia wake kwa kuchukua mwingine, ila sheria inamtaka atoe taarifa ya uraia pacha ndani ya miezi 3. Uganda, Rwanda na Burundi nazo zinaruhusu uraia pacha, kila moja na taratibu zake. Kongo inasema uraia wake ni mmoja na haushirikiani na mwingine. Tanzania nayo hairuhusu: mtu mzima akichukua uraia mwingine kwa hiari yake, wa Tanzania unaisha, na serikali imechagua kutafuta njia ya hadhi maalumu kwa diaspora badala ya uraia pacha. Kwa hiyo Mtanzania atakayerudi kusalimia atalipa dola 100 za viza ya Mmarekani kwenye nchi aliyozaliwa. Inauma, na nimeona watu wazima wakinyamaza ghafla mezani kwangu tulipofika hapa. Ni afadhali wanyamaze sasa kuliko baada ya kiapo.

Kama utatakiwa kuikabidhi pasipoti yako ya zamani, zile picha za mihuri ulizopiga katika hatua ya kwanza zihifadhi mahali pawili. Na kama hutakiwi, irudishe droo ya chini ilikokuwa, juu yake weka ile orodha ya nguzo nne.